Peteroli ya Taa

Nyumbani kwetu Kasulu haikuwashwa taa ya mafuta kwa miaka minne. Koroboi hapana, chemli hapana, karabai ndiyo usiseme kabisa. Mume wangu Gharibu, ambaye nusu ya mji ilinunua mafuta ya taa dukani kwake, alikuwa akila ubwabwa wake gizani kwa kupapasa, na mchuzi ukimwagikia kanzu alinilaumu mimi.

Tuliponea kwa Isihaka. Isihaka alikuwa na mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara, na jioni injini yake ilizungusha dainamo. Alituvutia waya mmoja na balbu tatu: ukumbini, chumbani, jikoni. Saa mbili usiku alizima mashine, na sisi tukaingia kitandani kama kuku. Majirani walituona watu wa ajabu. Wengine walisema Gharibu amekumbwa na jini asiyependa moto, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, nikaita shehe aje asome dua. Alisoma, akala, akaondoka. Gharibu akaendelea kuamka alfajiri na kunusa mikono yake.

Mimi sikuhitaji shehe kuniambia ni kitu gani. Nilikijua, maana nilikuwepo.

Kiangazi cha mwaka sabini na saba injini ya Isihaka ikapasuka. Kipuri kikaagizwa Dar es Salaam, kije kwa treni mpaka Kigoma, halafu kwa lori mpaka kwetu, na kila aliyeijua ile njia alijua kwamba tutasubiri. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya binti yetu Adija kutoka Tabora. Mimba imefika mwezi wa nane, anakuja kujifungua mzaliwa wake wa kwanza kwa mama yake, kama ilivyo desturi. Niliisoma ile barua mara mbili, kisha nikamfuata Gharibu dukani.

"Baba Adija," nikamwambia, "mjukuu wangu hatazaliwa gizani. Ama unaniruhusu chemli, ama unanunua jenereta. Chagua leo."

Hakuinua macho. Alikuwa akipima chumvi. "Jenereta," akasema.

"Na injini ya Isihaka ikipona?"

"Itakuwa ya akiba."

Basi akaanza kuulizia majenereta. Mtu mwingine angeuliza inawasha balbu ngapi, inadumu miaka mingapi. Gharibu aliuliza inakunywa nini. Kila dereva aliyesimama dukani alishikwa: ya petroli ikoje, ya dizeli ikoje, na mvuke wake unafika mbali gani, na mtu akikosea akatia hii badala ya ile inakuwaje. Madereva walicheka. Mimi sikucheka, ingawa kwa kawaida mimi ndiye wa kwanza kumcheka.

Sasa nieleze kilichotokea, la sivyo mtamwona mume wangu mwehu, naye hakuwa mwehu.

Mwaka sabini na mbili Warundi walivuka mpaka wakiyakimbia mauaji. Wengi walipelekwa kwenye makazi ya mbali, lakini wengine walibaki kwa ndugu na kwa watu wema. Heru Juu, hapo karibu na mji, zilikuwapo familia kadhaa. Lugha yao na Kiha zinaelewana, kwa hiyo na Waha hawakupata shida. Shida ilikuwa kwenye maduka yetu sisi watu wa Ujiji, tuliojifanya hatuelewi ila Kiswahili safi.

Masika ya mwaka uliofuata alikuja mwanamke mmoja mwembamba na chupa. Jina lake Esteri, nilimjua kwa kuwa aliwahi kuniletea gauni nilishone. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani, hatua nne kutoka kaunta. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Nje kulikuwa na dereva wa lori akipiga honi kwa sababu alitaka petroli, na Gharibu alikuwa ameshika mpira mdomoni, ameanza kuinyonya petroli kutoka kwenye pipa.

"Mzee wangu," Esteri akasema, "nipe peteroli."

"Petroli?"

"Ego, peteroli. Peteroli ya taa."

Ego kwao ni ndiyo. Gharibu akaijaza ile chupa kutoka kwenye mpira uleule. Wengi hawajui, na sisi siku hiyo hatukujua, kwamba Burundi peteroli ndiyo mafuta ya taa. Petroli yetu wao wanaiita esansi. Lakini aliongeza "ya taa". Hapo ndipo penyewe. Nilisikia, nikafikiri pengine wana taa zile za pampu za kizungu zinazotumia petroli. Gharibu naye baadaye aliniambia alisikia, ila dereva alikuwa akipiga honi.

Akiwa anaondoka, Esteri aliona mche wa sabuni ulioletwa asubuhi. Sabuni ilikuwa adimu. Akasema, "Mzee wangu, nikatie nusu, uniwekee. Nitakuja kesho kuichukua." Gharibu akaukata kwa waya, akafunga nusu kwenye gazeti, akaiweka rafu ya juu.

Jioni hiyo nyumba ya Esteri iliungua, naye akiwa ndani. Aliijaza koroboi, akaiwasha. Mumewe alikuwa Titye kwenye vibarua vya kulima. Mama yake alikuwa mtoni.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi alikuja na watu wawili. Akauliza: huyu mama alinunua nini hapa? Gharibu akajibu, "Aliomba petroli. Nikamuuliza mara ya pili, akasema ndiyo."

Kila neno lilikuwa kweli. Alipunguza mawili tu, ya taa. Nilimtazama nikingoja ayaseme, hakuyasema. Kisha balozi akanigeukia: na wewe mama? Nikasema nilikuwa nashona. Nayo ilikuwa kweli. Nimeishi na hiyo kweli yangu mpaka leo na inanichoma.

Tulidhani yataishia hapo, kwamba ni ajali. Lakini watu wa Heru Juu walikaa wakaunganisha. Esteri alikuwa amepoteza mtoto njiani wakati wa kukimbia, na tangu afike alikuwa kimya. Na duka limesema aliomba petroli kwa kinywa chake, akaulizwa, akakubali. Wakasema amejichoma mwenyewe. Wazee wakaamua azikwe kando, kule bondeni, bila sala. Habari hiyo iliingia dukani ikiletwa na mteja wa kiberiti. Gharibu aliisikia, akalifunga duka na jua bado liko juu.

Nilimwambia aende akaseme. Akasema keshokutwa. Keshokutwa akasema watachoma duka. Baadaye akasema muda umepita, nitaonekana mwongo mara mbili. Aliacha kuuza petroli. Taa akazipiga marufuku nyumbani. Na ile nusu mche ikabaki rafu ya juu, miaka minne, imekauka na kupasuka, na hata sabuni ilipopotea mji mzima na wake za wakubwa wakija kumbembeleza, jibu lake lilikuwa moja: "Ile ina mwenyewe." Jioni mara nyingi alisimama katikati ya kazi, kichwa kimeelekea kaunta, anasikiliza. Nikimuuliza unasikiliza nini, ananiambia hakuna. Nami nilikuwa nikisikia. Sauti ndogo, yenye adabu, ikisema mzee wangu.

Basi tukaambiwa Kibondo kuna mkandarasi wa barabara anafunga kambi yake na anauza mitambo. Tulipanda lori la mahindi asubuhi, mimi mbele na Gharibu juu ya magunia, kwa kuwa alisema mbele kunanuka petroli. Tulifika tumejaa vumbi jekundu. Kambini walituita fundi anayejua zile mashine, mtu mrefu mwenye ovaroli, mkono wa kushoto una kovu. Akajitambulisha kuwa ni Kipriani Ntirampeba.

Alikuwa na majenereta matatu yamepangwa juu ya mbao. Alituonyesha moja moja, kwa upole, kama mwalimu.

"Hii ndogo ni ya esansi," akasema, "yaani petroli. Nyepesi, unavuta kamba tu, hata mama anaiwasha. Lakini esansi inaruka. Ukiacha wazi, mvuke unatambaa chini unatafuta moto. Hii kubwa ni ya mazutu, dizeli mnavyosema. Nzito, ya hendeli, asubuhi ya baridi itakutoa jasho. Ila mazutu ukiidondoshea kiberiti, kiberiti kinazimika. Na kwa huyo Isihaka mliyemtaja si mnapata mazutu kila siku? Sasa hii ya tatu ni ya kati. Ina matangi mawili. Inaanza na esansi, ikishapata joto unafungua koki hii, inaendelea na peteroli."

Gharibu akasema, "Na nini?"

"Peteroli. Samahani mzee, mdomo wangu ulifundwa gereji ya Bujumbura. Mafuta ya taa. Peteroli ya taa."

Mume wangu alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa kwenye udongo, na kanzu yake nyeupe. Fundi akakimbia kuleta maji. Nikasema ni safari, ni jua. Nilikuwa hodari wa kusema kweli za namna hiyo.

Tulipelekwa kivulini tukapewa chai. Kipriani akachuchumaa mbele ya Gharibu, akamwambia, "Mzee, nimeona unaogopa. Usione haya. Hata mimi ningekushauri uchukue ya mazutu. Esansi sitaki ilale kwenye nyumba ya mtu. Mke wangu alikufa kwa esansi. Tulikuwa Heru Juu, kule kwenu."

Gharibu akakiweka kikombe chini, chai haijaisha.

"Wengine wangesema ni kosa la maneno," Kipriani akaendelea, akitazama mikono yake. "Mimi siwezi. Kwa kuwa nilimfundisha mwenyewe. Nilimwambia, Esteri, huku peteroli ndiyo esansi, usiitaje. Sema mafuta ya taa. Mafuta ya taa. Alirudia mpaka akacheka. Sasa akaenda duka moja la mjini, hata sikuuliza lipi, akaomba petroli, na mwenye duka, Mungu ambariki, akamuuliza mara mbili. Akasema ego. Kwa hiyo alijua anachokitaka. Mtoto alimuuma sana. Na mimi nilikwenda Titye nikamwacha peke yake."

Akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Najiuliza tu ni neno gani ningemwambia, asifanye."

Mungu ambariki! Nilimtazama mume wangu. Midomo yake ilifunguka, nikaona neno limefika kwenye meno. Akasema, "Tutachukua ya dizeli."

Kurudi sikukaa mbele. Nilipanda juu ya magunia nikae mbele ya uso wake, nimseme njia nzima. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza, kisha karibu na Kasulu akaniuliza, "Na wewe mbona hukusema?" Tulifika nyumbani hatusemeshani.

Baada ya wiki moja Kipriani alikuja na ile mashine kwenye lori, watu sita wakaishusha. Tulikuwa tumejenga kibanda nyuma ya nyumba, mbali na jiko, na Gharibu alikuwa amekiweka mbali zaidi ya alivyoambiwa. Kipriani alifanya kazi tangu saa mbili asubuhi. Alifunga miguu ya mashine kwenye saruji, akavuta waya, akasafisha mrija wa mafuta kwa kuupuliza. Aliimba kidogo kwa lugha yake. Nilimpelekea uji akanishukuru, akaniita mama, nikageuka haraka kurudi jikoni.

Mchana akaja dukani kwa mlango wa nyuma, mikono myeusi kwa grisi mpaka viwiko.

"Mzee, nisaidie kipande cha sabuni, hata kidogo. Nisije nikachafua nyumba ya mama."

"Sabuni hakuna," Gharibu akasema. "Mwezi wa pili huu. Kuna majivu."

Kipriani akacheka. "Majivu nayajua. Lakini mzee wangu, naiona sabuni pale juu, kwenye gazeti. Mnafichia wakubwa?"

Nilikuwa kwenye cherehani, mahali palepale. Niliacha kukanyaga.

"Ile si ya kuuza," Gharibu akasema. "Ina mwenyewe."

"Basi tumwombe mwenyewe. Nani?"

Mume wangu alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Nilidhani atakaa chini kama kule Kibondo. Hakukaa.

"Esteri," akasema. "Esteri wa Heru Juu. Duka lile ni hili, Kipriani. Mimi ndiye niliyemuuliza mara mbili."

Nje mbuzi wa jirani alikuwa akilia, na alilia muda mrefu.

"Nilimuuliza petroli? Akasema ego, peteroli. Halafu akasema, peteroli ya taa. Nilisikia. Nikamjazia petroli. Balozi aliponiuliza nikayaacha hayo maneno mawili, ya taa, nikayaficha, kwa sababu niliogopa. Nimeyaficha mpaka leo."

"Nami nilisikia," nikasema kutoka barazani. Nikaiacha cherehani, nikasogea kwenye kaunta. "Nami nilikuwepo, nikasikia."

Kipriani aliniangalia, akamwangalia tena Gharibu. "Sema kama alivyosema," akamwambia.

"Peteroli ya taa."

"Oya, sivyo. Kama alivyosema yeye."

"Mzee wangu, nipe peteroli. Ego, peteroli. Peteroli ya taa."

Alimfanya arudie mara ya tatu. Kisha akageukia ukuta, akaweka paji la uso kwenye mikono yake ya grisi, na alama zile zilibaki ukutani kwetu mpaka nyumba ilipopakwa rangi. "Alikumbuka nusu," akasema. "Nilimfundisha mafuta ya taa. Akakumbuka ya taa. Yezu wangu, alikumbuka nusu."

Gharibu alipanda kigoda, akaishusha ile sabuni. Gazeti likachanika pembeni. "Hii aliniomba nimkatie siku ileile," akasema. "Akaniambia nimwekee. Akasema atakuja kesho kuichukua."

Hapo ndipo Kipriani alipokasirika. Nilikuwa nikiingojea hasira hiyo kwa miaka minne na bado ilinitisha. Alimshika Gharibu kanzu kifuani, akamsogeza uso kwa uso. "Kesho? Alisema kesho? Na wewe ukakaa nayo? Mama yake hawezi kulitaja jina lake kwenye sala, na wewe umekaa na kesho yake kwenye rafu?" Gharibu hakujitetea wala hakushika mkono wake. Kanzu ilipoachiwa ilikuwa na vidole kumi vyeusi. Kipriani akatoka kwa mlango wa mbele, bila sabuni, bila vifaa vyake, na kazi haijaisha.

Siku tatu mashine ilikaa kibandani bila mtu wa kuiwasha. Adija akashuka kwenye basi la Kigoma, miguu imevimba, akauliza taa iko wapi. Gharibu aliichukua chemli mpya dukani, akaijaza mafuta ya taa mwenyewe, akayanusa, akanipa ninuse, akaiwasha. Alikaa karibu nayo mpaka Adija akalala. Ile kanzu alikataa niifue.

Siku ya nne asubuhi Kipriani alirudi, na nyuma yake bibi mmoja mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani, rozari shingoni. Alikuwa Immakulata, mama yake Esteri. Alikuwa ametembea kutoka Heru Juu na vumbi lilikuwa limemfika magotini. Nilimletea kiti, hakukaa. Alisimama kwenye kaunta, na sikumwambia kwamba ni palepale aliposimama mwanawe.

"Jumapili utakuja kusema mbele ya watu, baada ya sala," Kipriani akamwambia Gharibu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Kaburi litahamishwa. Utashika jembe."

"Nitakuja."

"Sasa mwambie mama."

Gharibu akasimulia yote tangu honi ya lori, hakuruka kitu. Bibi Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kipriani akamtafsiria pale ilipohitajika, lakini ilipofika "peteroli ya taa" hakungoja kutafsiriwa. Alifumba macho. Gharibu akaiweka sabuni mbele yake juu ya kaunta, kwenye gazeti lake la mwaka sabini na tatu.

Bibi aliinusa. Akapitisha kidole kwenye nyufa zake.

"Alisema atakuja kesho?" akauliza.

"Alisema, mama. Nitakuja kesho kuichukua."

"Ego," Immakulata akasema. Akaifunga ile sabuni kwenye pindo la kitenge chake, akakaza fundo kwa meno. "Basi nimekuja."